Msiwaambie wakulima waongeze presha

Mhariri, salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote wa ukurasa wa kilimo.

Naandika kwa sababu ya ule ushauri mliotoa juu ya mashine za kupulizia dawa, pale mlipoandika kwamba mkulima akiona dawa haitoshi shambani aongeze presha, halafu chini yake mkasema mwenye mashine yenye kompyuta asihangaike kwa sababu kompyuta inajipangia kila kitu. Mi ni fundi wa hizi mashine, natengeneza na kupima za mgongoni mpaka za kuvutwa na trekta, na nawaambia kwa nia njema kabisa kwamba hizo sentensi mbili zitawapotezea watu dawa na wengine zitawaunguzia mazao. Naomba nafasi nieleze, itakuwa ndefu kidogo lakini hili jambo ukilikatisha katikati halieleweki.

Kwanza kabisa presha na kiasi cha dawa kinachotoka haviendi sambamba. Watu wengi wanadhani ukizidisha presha mara mbili na dawa inatoka mara mbili, sio hivyo, mtiririko kwenye nozeli, ile ncha yenye tundu dogo dawa inapotokea, unafuata kipeuo cha pili cha presha, yaani ukitaka dawa itoke mara mbili inabidi presha ipande mara nne. Chukueni nozeli ya bluu, ile ya namba 03, kwa presha ya bar 3 (bar ni kipimo cha presha) inatoa karibu lita 1.2 kwa dakika. Ukiipandisha mpaka bar 6 haitoi lita 2.4, inatoa lita 1.7 tu. Ili ufike hiyo 2.4 unatakiwa uende bar 12, na hapo pampu nyingi zinalia na nozeli nyingi za kawaida hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, mipira ya kupitisha dawa inaanza kuvuja na mwenye mashine bado anashangaa mbona dawa haijaongezeka alivyotarajia.

Sasa ile presha ya ziada ambayo haikuleta dawa imeenda wapi? Imeenda kupasua matone. Presha ikipanda matone yanakuwa madogo zaidi, na hapa ndo penye hasara maana tone moja la mikroni 400 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) lina ujazo sawa na matone 64 ya mikroni 100, kwa hiyo dawa ile ile imegeuka ukungu. Matone ya chini ya mikroni 100 au 150 hivi hayana uzito wa kushuka yalikoelekezwa, upepo mdogo tu unayabeba, na siku ya jua kali mengine yanakauka hewani kabla hayajagusa jani. Mkulima anaona ukungu mzuri mweupe anafurahi anasema mashine inapiga kweli kweli, kumbe ule ukungu anaouona unaelea ndo dawa yake inayoondoka kwenda shamba la jirani, na kama ni dawa ya magugu na jirani ana mbogamboga mnajua wenyewe kitakachofuata.

Ndo maana sisi tunaopima mashine tunasema nozeli ndo ya kuamua lita, presha ni ya kuamua matone na kufungua ule mnyunyizo ukae sawa. Ukitaka lita zaidi kwa hekta badilisha nozeli weka kubwa zaidi, au punguza mwendo. Rangi zimepangwa kimataifa, kiwango cha ISO 10625, ili fundi wa popote aelewe: chungwa ni 01, kijani 015, njano 02, zambarau 025, bluu 03, nyekundu 04, kahawia 05, kijivu 06, nyeupe 08. Hesabu yenyewe sio ngumu, unachukua lita kwa dakika za nozeli moja unazidisha kwa 600, halafu unagawanya kwa mwendo wa kilomita kwa saa ukizidisha na nafasi kati ya nozeli kwa mita. Bluu yetu ya lita 1.2, mwendo wa kilomita 8 kwa saa, nozeli zimeachana nusu mita, inakuja lita 180 kwa hekta. Hii fomula mngeichapisha kwenye kiboksi pembeni ya ukurasa ingesaidia watu kuliko ushauri wote wa kuongeza presha.

Nieleze sasa hiyo presha inatawaliwaje, maana nadhani hapa ndo mkanganyiko ulipoanzia. Mashine nyingi za trekta zinatumia pampu ya diaframu (utando wa mpira unaosukuma maji) au ya pistoni, na hizo kila mzunguko zinasukuma kiasi kile kile cha maji, upende usipende. Kwa hiyo maji yakishatoka kwenye pampu lazima yapate pa kwenda, yasiyohitajika kwenye nozeli lazima yarudi tangini, na hiyo ndo kazi ya regyuleta, ni valvu yenye springi inayofunguka na kumwaga ziada. Ukikaza springi kidogo kinarudi tangini na presha inapanda, ukilegeza kingi kinarudi presha inashuka. Ndo maana njia ya kurudisha maji isizibwe hata siku moja, pampu ya aina hii ukiiziba kitu kitapasuka. Pampu za sentrifugo ni tofauti, zile ukizibana mbele zinazunguka tu bila kusukuma, hazina ugomvi. Na tusisahau kuna tawi lingine la kukoroga dawa ndani ya tangi, kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila dakika liwe linazungusha kama asilimia 5 ya ujazo wa tangi, tangi la lita 600 linahitaji lita 30 kwa dakika za kukoroga peke yake. Wengi wanaolalamika presha haipandi pampu yao ni ndogo, haitoshi kulisha nozeli na kukoroga kwa wakati mmoja, wanachofanya wanafunga ule mkorogo ili presha ipande, dawa ya unga inatuama chini ya tangi, mwanzo wa shamba wanapuliza maji mwisho wa shamba wanapuliza uji.

Kuna kitu kimoja hapa karibu kila mashine ninayoletewa haijarekebishwa. Bumu, lile bomba refu la kukata shamba linalobeba nozeli, limegawanywa vipande, labda vitatu, kila kipande kina koki yake, ukifika kona ya shamba unafunga kipande kimoja usirudie palipopulizwa. Ukifunga, yale maji ya kile kipande yanaenda wapi? Kama hakuna mpango yanaenda kwenye vipande vilivyobaki, presha inapanda, na vile vinapiga zaidi ya ulivyopima. Mashine nzuri inakuwa na kinjia cha kufidia, kinachorudisha tangini maji ya kipande kilichofungwa, chenye kinobu kwa kila kipande, na kurekebisha ni kazi ya dakika chache, weka maji matupu, fungua vyote weka bar 3, funga kipande cha kwanza uangalie geji ya presha, ikipanda zungusha kinobu cha kile kipande mpaka irudi bar 3, kifungue uende cha pili, halafu cha tatu. Ukibadilisha ukubwa wa nozeli unarudia upya maana maji ya kufidia yamebadilika. Vile vinobu nakuta vimeshika kutu hata havizunguki, havijaguswa tangu mashine itoke kiwandani.

Tuje kwenye kompyuta, ambayo mmeisifia sana. Sipingi teknolojia, naipenda na naifunga kwa mikono yangu mwenyewe, lakini mkulima aelewe inafanya nini. Kuna mita ya mtiririko inayohesabu lita zinazoenda kwenye bumu, kuna kifaa cha kupima mwendo, iwe sensa ya gurudumu, rada au GPS, na kuna valvu yenye mota. Unaiambia nataka lita 180 kwa hekta, yenyewe inalinganisha mwendo na lita halafu inazungusha valvu. Na ile valvu inachobadilisha ni nini? Ni presha ile ile! Kompyuta ya kawaida haina mkono mwingine. Kwa hiyo ile sheria ya mara nne inaifuata mpaka ndani ya kabini.

Angalieni kwa nozeli zetu za bluu, lita 180. Kwa kilomita 8 kwa saa presha ni bar 3, safi. Dereva akishuka kilomita 6 kompyuta inaishusha mpaka kama bar 1.7, akipanda 10 inaipandisha mpaka karibu bar 4.7, bado tunaishi. Akikimbia kilomita 12 inataka bar 6.75, sasa ni ukungu. Akipita sehemu mbaya akashuka mpaka kilomita 4 kompyuta inateremsha mpaka bar 0.75, na kwa presha hiyo mnyunyizo wa nozeli ya kawaida unakunjamana, badala ya feni pana (yaani mnyunyizo uliotanuka) iliyofunguka unapata kifeni chembamba kisichofikia mwenzake, na katikati ya nozeli na nozeli kunabaki mistari ambayo haikupata kitu. Zile nozeli za kuvuta hewa, zinazochanganya hewa na dawa ili matone yawe makubwa, ndo mbaya zaidi, nyingi zinataka bar 3 au zaidi ndo zifanye kazi sawasawa. Na muda wote huo, Mhariri, kile kioo mbele ya dereva kinasomeka 180, 180, 180, dereva anapiga mluzi.

Hiyo ndo sababu naumia mkisema mwenye kompyuta asihangaike. Kompyuta inaona jumla tu, haioni nozeli moja moja. Bumu la mita 12 lina nozeli 24, zikiziba mbili kompyuta haijui, inachojua lita zimepungua, kwa hiyo inasukuma presha kutoka bar 3 mpaka kama 3.6 ili zile 22 zilizobaki zibebe mzigo, na kila moja inatoa asilimia 9 zaidi. Kioo kinasema 180. Shambani kuna mistari miwili imekosa dawa toka mwanzo mpaka mwisho na kwingine kote imezidi.

Au nozeli zimelika. Nozeli zinalika hasa za shaba, dawa za unga zinasugua tundu kama msasa, na kanuni inayojulikana ni kwamba ikizidi asilimia 10 ya mtiririko wa nozeli mpya unaitupa. Tuseme zote zimelika mpaka zinatoa asilimia 15 zaidi. Kwenye mashine ya kawaida utajua kwa sababu tangi litaisha mapema, lakini kwenye ya kompyuta hutajua, maana itashusha presha taratibu mpaka kama bar 2.3 na lita zitabaki zile zile, tangi litaisha palepale linapoisha siku zote. Matone yamebadilika, mnyunyizo umeharibika maana tundu lililolika halitoi feni iliyonyooka, ila kwenye karatasi kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo dawa yake ni ipi? Geji! Kile kigeji cha presha ambacho watu wakishafunga kompyuta wanaona ni pambo. Mwendo ule ule na lita zile zile lazima zikupe presha ile ile. Presha ikiwa chini kuliko ulivyozoea, nozeli zimelika au kuna mpira unavuja baada ya mita ya mtiririko, maana maji yanayovuja pale kompyuta inayahesabu kama yamepulizwa. Presha ikiwa juu kuliko kawaida, kuna kitu kimeziba baada ya geji, nozeli au chujio. Mkulima akiandika kwenye kikaratasi akabandika kabini, nozeli fulani mwendo fulani presha fulani, siku mashine ilipopimwa ikiwa mpya, anakuwa na mlinzi wa kudumu. Ila geji iwe kwenye bumu karibu na nozeli, zile zinazofungwa pale kwenye pampu zinasoma presha kabla maji hayajapita kwenye mipira mirefu na machujio, unaweza ukasoma bar 4 kwenye pampu na kwenye nozeli iko 3. Na iwe ya kipimo kinachofaa kazi, geji ya mpaka bar 60 haiwezi kukuonyesha tofauti ya 2.3 na 3, sindano inatikisika tu hapo mwanzoni.

Nikishataja sindano kutikisika, ikianza kuruka ruka kwa nguvu msikimbilie kununua geji mpya. Pampu za diaframu zina kichumba cha hewa cha kutuliza mapigo ya maji, hewa ikiisha au mpira wake ukipasuka sindano inarukaruka na mipira ya presha inapiga mateke. Na angalieni oili ya pampu, ikigeuka nyeupe kama maziwa ujue diaframu imepasuka na maji yanaingia, zima hapo hapo.

Kuhusu vifaa vya kupima mwendo nisiende mbali, gurudumu likiteleza kwenye matope linadanganya, rada inachanganywa na majani marefu yanayoyumba, GPS inachelewa kidogo unapoondoka. Na valvu ya mota nayo inachukua sekunde kadhaa kufika inapotakiwa, kwa hiyo anayepuliza kwa kukanyaga mafuta na kuachia mafuta anaipa kompyuta kazi isiyoisha, kila akikanyaga dawa inapungua kwa muda, akiachia inazidi. Mwendo mmoja uliotulia unashinda kompyuta yoyote.

Ipo njia ambayo kweli imekata ile minyororo ya presha, nayo ni nozeli za mapigo. Kazi ya mwanzo ilifanywa na Ken Giles wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kwenye mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Kila nozeli inafungwa valvu ndogo ya solenoidi, yaani ya sumaku ya umeme, inayofunguka na kufunga mara 10 kwa sekunde, siku hizi kuna zinazokwenda kasi zaidi, presha inabaki pale pale ulipoiweka na lita zinabadilishwa kwa muda ambao valvu iko wazi katika kila pigo. Ikiwa wazi nusu ya muda unapata nusu ya lita, na matone hayabadiliki sana. Mtu anauliza si itaacha mapengo? Kwa kilomita 8 kwa saa kila pigo ni kama sentimita 22 za ardhi, na nozeli zinapokezana, hii ikifunga jirani yake inafungua, feni zao zinapandana. Tena kwenye kona, ile ncha ya nje ya bumu inakimbia kuliko ya ndani, mfumo huu unaweza kuipa kila nozeli kiasi chake. Una mipaka yake, ukishuka chini ya robo ya muda mnyunyizo unaanza kuwa wa mashaka, nozeli nyingi za kuvuta hewa hazipatani nao, na solenoidi yenyewe inakula presha kidogo hasa ukiweka nozeli kubwa kwa hiyo geji inasoma juu kuliko kilichopo kwenye tundu. Ila ni kitu kizuri sana na ningependa mkiandike siku moja kwa kirefu.

Nimalizie na bomba la mgongoni maana ndo linabebwa na watu wengi zaidi na ndo mmelisahau kabisa. Pale mtu ndo pampu, mtu ndo kompyuta. Akisukuma mpini kwa nguvu presha inapanda bar 4, akichoka inashuka bar 1, na kwa ile sheria yetu dawa inayotoka kwenye bar 4 ni mara mbili ya bar 1, kwa hiyo mstari mmoja tu una sehemu zilizopata dozi mara mbili ya nyingine. Mkimwambia huyu aongeze presha mnamwambia asukume zaidi, atapata ukungu, na sehemu ya ule ukungu inamrudia usoni. Kuna kivalvu kidogo kinachofungwa kwenye mkono wa kupulizia, ndani kina springi na diaframu, presha ikiwa chini ya kiwango kinafunga kabisa, ikiwa juu kinabana mpaka nje itoke ile ile, vipo vya bar 1, 1.5, 2 na 3. Akifunga cha bar 1.5 hata asukume vipi nozeli inapata 1.5, na akiachia inakatika papo hapo haidondoshi dawa miguuni. Mi naona hiki kingekuwa kinauzwa pamoja na kila bomba, kisiwe kitu cha kuulizia pembeni.

Baada ya hapo kinabaki mwendo wa miguu, na hakuna kivalvu cha miguu. Apime kwa maji matupu kabla ya dawa, apulizie eneo alilolipima kwa hatua zake za kawaida, ajaze tena aone zimeenda lita ngapi, halafu nozeli aikingie kwenye jagi la vipimo dakika moja aone kama inatoa kilichoandikwa. Mwenye bumu akinge zote, moja baada ya nyingine, aziandike, atashangaa zinavyotofautiana.

Ombi langu, Mhariri, ile sentensi ya kuongeza presha muisahihishe kwenye toleo lijalo, pale pale ilipotoka na kwa herufi za ukubwa ule ule, kwa sababu waliokata ule ukurasa na kuubandika ukutani ni wengi kuliko watakaosoma barua yangu. Mkiweka na jedwali la rangi za nozeli na hiyo fomula ya 600 nitashukuru sana.

Ni mimi fundi wa mashine za kupulizia, msomaji wenu wa siku zote.